Ubao wa Mtetemo kwa Mzee Aliyevunjika Mfupa: Lini Apande, Apandeje, na Nani Asipande Kabisa

Mzee anapovunjika nyonga na kuwekewa chuma, nyumba nzima huanza kutafuta cha kumsaidia. Mmoja huleta mafuta ya kukandia, mwingine huchemsha supu ya makongoro, na yule aliye mbali, ambaye hawezi kuja kuuguza, hutuma mashine. Siku hizi mashine hiyo mara nyingi huwa ni ubao wa mtetemo, kifaa cha kusimama juu yake ambacho hutikisika kwa kasi chini ya nyayo. Karatasi inayoambatana nacho huahidi mengi, lakini haisemi jambo ambalo muuguzaji analihitaji kuliko yote, nalo ni siku gani mzee akanyage juu yake. Mwongozo huu unashughulikia hasa swali hilo la wakati, kwa kuwa kifaa kinachofaa mwezi wa nne baada ya kuvunjika kinaweza kuleta madhara wiki ya tatu.

Kwanza ijulikane ubao unafanya nini. Tangu mwaka 1892, Julius Wolff wa Berlin alipoandika kwamba mfupa hujijenga kufuata mzigo unaoubeba, madaktari wamekuwa wakitafuta namna ya kuupa mfupa mzigo bila kumchosha mgonjwa. Mwaka 2001 kundi la Clinton Rubin wa chuo kikuu cha Stony Brook, New York, lilitangaza matokeo ya kondoo waliosimamishwa kwenye ubao wa mtetemo wa upole dakika 20 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa mwaka mzima. Sehemu ya ndani ya mfupa wa paja, ile iliyo kama sifongo, iliongezeka wiani wake, yaani jinsi mfupa ulivyojaa na kushikamana, kwa zaidi ya asilimia 34. Matumaini yote yaliyofuata, pamoja na matangazo mengi ya biashara, yana asili yake hapo.

Binadamu hawakuitikia kama kondoo. Jaribio la Toronto lililochapishwa mwaka 2011 liliwafuata wanawake 202 waliokoma hedhi kwa miezi 12, na wiani wa mifupa yao haukutofautiana na wa wenzao ambao hawakutumia ubao. Jaribio jingine la Boston, lililochapishwa mwaka 2015, liliwafuata wazee 174 kwa miaka 2 na kufikia jibu hilo hilo. Hata hivyo huko Hong Kong, katika jaribio la wanawake wazee zaidi ya 700 wanaoishi majumbani, kundi moja lilitetemeshwa dakika 20 kwa siku kwa miezi 18. Mifupa yao haikuongezeka wiani, lakini waliopata ajali ya kuanguka au kuvunjika walikuwa asilimia 18.6, ilhali katika kundi lisilotetemeshwa walikuwa asilimia 28.7. Misuli ya mapaja yao ilipata nguvu, na miguu yao iliwahi kujisahihisha walipoyumba.

Kwa hiyo mimi huuchukulia ubao huu kuwa ni kifaa cha misuli na mizani ya mwili, ambacho faida yake kwa mzee aliyevunjika ni kumkinga asianguke mara ya pili. Majaribio ya panya yameonyesha mvunjiko ukiunga haraka zaidi kwa mtetemo, lakini panya hana miaka 78 wala hana chuma cha sentimita 20 ndani ya paja. Ukimnunulia mzee ubao kwa nia ya kuharakisha kuunga, utamharakisha apande kabla ya wakati, na hatari iko hapo.

Hatua ya 1: Uache mfupa uunge

Siku za mwanzo damu huganda mahali palipovunjika. Baada ya wiki 2 au 3 mwili hujenga gango laini la gegedu, na kati ya wiki ya 6 na ya 12 gango hilo hugeuka kuwa mfupa mgumu, kisha huanza kazi ya kuchonga na kusawazisha ambayo huendelea kwa miezi na hata miaka. Kwa mwenye kisukari, kwa mvutaji wa sigara na kwa mzee aliyedhoofu, vipindi hivi hurefuka. Gango laini likitikiswa hovyo huchelewa kugeuka mfupa, na chuma kilichoshikilia mfupa mwepesi kinaweza kulegea.

Kutopanda ubao hakuna maana ya kulala kitandani. Mzee aliyepasuliwa nyonga husimamishwa mapema, mara nyingi kesho yake, akishika fremu ya kutembelea na kukanyaga kwa kadiri daktari alivyoruhusu. Akiwa amekaa, azungushe vifundo vya miguu mara kwa mara ili damu isigande kwenye mashavu ya miguu. Aliyevunjika kifundo cha mkono na kufungwa P.O.P, plasta ngumu ambayo wengi huiita hogo, akunje na kukunjua vidole kila saa anapokuwa macho. Mazoezi haya hayana mvuto wa mashine yenye taa, lakini katika wiki hizi ndiyo tiba yenyewe.

Kuhusu supu ya makongoro: ni tamu na humpa mgonjwa hamu ya kula, lakini kalsiamu iliyomo ni kidogo mno kuliko inavyosadikiwa. Mwanamke aliyepita miaka 50 na mwanamume aliyepita miaka 70 huhitaji takriban miligramu 1,200 kwa siku. Glasi moja ya maziwa au mtindi hutoa karibu 300, na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao huongeza kiasi kizuri. Asisahau protini, kwa sababu misuli ya mzee aliyelazwa hupungua upesi kuliko mfupa unavyounga.

Hatua ya 2: Nenda kliniki na maswali manne

Siku ya kurudi kliniki, usiulize tu kama mzee anaendelea vizuri, kwa maana utajibiwa ndiyo na safari itakuwa imekwisha. Uliza kama picha ya eksirei ya karibuni inaonyesha mfupa umeunga. Uliza kama mzee ameruhusiwa kukanyagia mguu ule kwa uzito wake wote. Uliza kama chuma kimekaa mahali pake bila dalili ya kulegea, na kama daktari anakubali mzee asimame juu ya ubao unaotetema, ukimtajia nguvu ya ubao kwa tarakimu (hatua ya 4 inaeleza namna ya kuipata). Majibu matatu ya kwanza yakiwa ni ndiyo, mara nyingi utakuwa umefika mwezi wa tatu au wa nne. Moja likiwa ni hapana, rudisha ubao kwenye boksi.

Ukiwa hapo hapo, ulizia dawa ya kuimarisha mifupa. Mzee aliyevunjika kwa kuanguka tu akiwa amesimama ana mifupa iliyodhoofika, na wengi hufungwa jeraha na kurudishwa nyumbani bila mtu kulitaja jambo hilo. Mwaka 2007 lilichapishwa jaribio la wagonjwa 2,127 waliovunjika nyonga: waliopewa dripu ya asidi ya zoledroniki mara moja kwa mwaka walivunjika tena asilimia 8.6, na waliopewa dripu isiyo na dawa walivunjika tena asilimia 13.9. Vifo navyo vilipungua. Hakuna ubao wa mtetemo wenye ushahidi wa namna hiyo, na kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, nunua dawa.

Hatua ya 3: Pitia orodha ya wasiopanda

Wapo ambao hawapandi hata kama mfupa umeunga vizuri. Asipande mwenye damu iliyoganda mguuni au aliyetibiwa hivi karibuni kwa tatizo hilo, kwa kuwa bonge linaweza kung'oka na kwenda kwenye mapafu. Asipande mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo mpaka daktari wake wa moyo aseme. Vilevile mwenye kifafa, mwenye saratani iliyoingia kwenye mifupa, aliyechanika au aliye katika hatari ya kuchanika retina (utando wa nyuma ya jicho), mwenye mawe ya figo au ya nyongo, mwenye ngiri inayouma, na mwenye kidonda cha mguu kisichopona.

Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo anahitaji tahadhari ya pekee, kwa sababu hatajua ubao unapomchubua. Aliyewekewa nyonga au goti bandia asitumie bila ruhusa ya aliyempasua, na watengenezaji wengi wa mbao hizi huwakataza kabisa. Mzee mwenye maumivu mapya ya mgongo, hasa aliyepungua kimo, apigwe picha kwanza, kwani pingili za uti wa mgongo huweza kubonyea bila mtu kuanguka.

Hatua ya 4: Pima nguvu ya ubao

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa sababu mbao zote huitwa jina moja ilhali hazifanani. Nguvu ya mtetemo hupimwa kwa g, yaani kwa kulinganishwa na uvutano wa dunia. Mbao zilizotumika katika majaribio niliyoyataja zilikuwa na 0.3 g tu, zikitetema takriban mara 30 hadi 37 kwa sekunde, isipokuwa kundi moja la Toronto lililofikishwa hezi 90, yaani mara 90 kwa sekunde. Mbao za mazoezi zinazouzwa mtandaoni na kuonekana katika kumbi za mazoezi huweza kufika 5 g, 7 g na zaidi, kiasi kinachoweza kuvuka mipaka ya usalama iliyowekwa na ISO 2631, kiwango cha kimataifa cha mtetemo unaoufikia mwili.

Ikiwa karatasi ya ubao inataja hezi na milimita, hesabu mwenyewe. Zidisha hezi kwa hezi, kisha zidisha kwa milimita ambazo ubao hupanda kutoka katikati, kisha zidisha kwa 0.004. Ubao wa hezi 30 unaopanda milimita 2 hutoa 900 mara 2 mara 0.004, yaani karibu 7.2 g. Ubao wa hezi 35 unaopanda milimita 0.06 hutoa karibu 0.3 g. Angalia kama karatasi imetaja umbali wote kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Ikiwa ndivyo, gawanya kwa 2 kabla ya kuzidisha.

Kama karatasi haisemi kitu, jicho linatosha kutenganisha makundi mawili. Milimita 0.06 ni karibu unene wa unywele. Chora mstari mwembamba wa kalamu kwenye kipande cha karatasi, ukibandike ubavuni mwa ubao kwa gundi ya karatasi, mstari ukiwa umelala, kisha washa ubao bila mtu juu yake. Kwenye ubao wa upole mstari utabaki mmoja, na utajua unatetema kwa kuugusa tu. Kwenye ubao wa mazoezi mstari utaonekana kama miwili yenye ukungu katikati, na nafasi kati ya miwili hiyo ndiyo umbali wote wa kupanda na kushuka. Zipo pia programu za simu zinazosoma kipima-mwendo kilichomo ndani ya simu. Ukiifunga simu imara juu ya ubao itakupa g kwa makadirio, na makadirio yanatosha kutofautisha 0.3 na 5.

Ubao ulioonyesha mistari miwili usitumiwe nyumbani na mzee aliyevunjika. Vivyo hivyo mbao zinazocheza kama pembea, upande mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, pamoja na mitetemo iliyo chini ya hezi 20, ambayo hupokelewa na tumbo, mgongo na kichwa kwa nguvu zaidi. Kama mtaalamu wa fiziotherapia anautumia ubao wa namna hiyo kwenye kliniki yake, kwa sekunde chache na mkono wake ukiwa kiunoni mwa mgonjwa, hiyo ni kazi yake na anaijua.

Hatua ya 5: Andaa mahali

Ubao ukae juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, si juu ya zulia wala mkeka, kwa kuwa zulia hunyonya mtetemo na mkeka huteleza. Mbele ya mzee pawe na kitu cha kushika kisichosogea: fremu ya dirisha, kingo ya meza nzito iliyoegemezwa ukutani, au bomba lililopigiliwa ukutani. Nyuma yake pawe na kiti chenye mikono. Waya wa umeme upite ukutani, usipite mahali anaposhukia, kwani kuanguka kwa kujikwaa kwenye waya wa mashine ya kuzuia kuanguka ni jambo ambalo hakuna anayetaka kulieleza hospitalini.

Avae nguo isiyofika chini. Kanga iliyolegea au dera refu likanyagwapo wakati wa kushuka humwangusha mtu mwenye miguu mizima, sembuse mwenye chuma. Asimame kwa miguu mitupu au kwa soksi zisizoteleza, kwa sababu raba zenye soli nene hunyonya mtetemo wote na kandambili huchomoka.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza

Siku ya kwanza ubao usiwashwe. Mzee apande na kushuka mara tatu huku umeme ukiwa umezimwa, akitanguliza mguu mzima wakati wa kupanda na mguu uliovunjika wakati wa kushuka, kama afanyavyo kwenye ngazi. Akiweza hilo bila kusaidiwa kuinuliwa, kesho yake ubao uwashwe kwa dakika 2.

Juu ya ubao wa 0.3 g asimame wima, miguu ikiachana kwa upana wa nyonga, magoti yakiwa yamenyooka bila kukazwa, macho mbele. Mikono iguse kishikio kwa wepesi. Akikishika kwa kuning'inia, uzito huondoka miguuni na mtetemo hupotea. Meno yasigongane. Yakigongana, mtetemo unafika kichwani: zima mashine na urudi hatua ya 4.

Mtayarishe kwa hisia atakayoipata, kwa maana wazee wengi hushtuka. Bibi mmoja, baada ya shikamoo na marahaba na kusimama kimya kama nusu dakika, aliniambia, "Mwanangu, nahisi siafu wanapanda miguuni." Nilimjibu, "Ni damu, bibi, inazunguka. Ukihisi wanauma, uniambie tuzime." Mwasho na wekundu kidogo wa miguu katika siku za mwanzo ni kawaida na hupotea ndani ya saa chache. Maumivu mahali palipovunjika si kawaida hata kidogo.

Akimaliza, akae kwenye kiti dakika 2 kabla ya kutembea. Wapo wanaopata kizunguzungu, hasa wanaotumia dawa za shinikizo la damu.

Hatua ya 7: Ratiba ya kupanda taratibu

Wiki ya kwanza iwe dakika 2 hadi 4 kwa siku. Kila wiki ongeza dakika 2 au 3, ikiwa tu wiki iliyopita haikuleta maumivu wala uvimbe, mpaka afike dakika 10. Baada ya mwezi wa pili anaweza kufikishwa dakika 15 au 20, kipimo kilichotumika Hong Kong, kwa siku 5 za wiki. Hakuna ushahidi kwamba saa nzima humsaidia kuliko dakika 20. Umeme ukikatika katikati, siku hiyo ihesabike imekwisha. Usimsimamishe tena usiku wa manane ili kufidia.

Dakika hizo zisichukue nafasi ya mazoezi. Kila siku, kabla ya ubao, mzee ainuke kutoka kwenye kiti na kukaa mara 5 hadi 10 bila kutumia mikono ikiwezekana, asimame kwa vidole vya miguu akishika meza, na atembee ndani au uani. Nikilazimika kuchagua kati ya kuinuka kwenye kiti mara 10 na kutetemeshwa dakika 10, huchagua kiti.

Aliyevunjika kifundo cha mkono ajue kwamba mtetemo unaoingia kwenye nyayo hauufikii mkono kwa kiasi cha maana. Asilalie ubao kwa viganja, wala asishike vile vifaa vya kukandia vinavyotetema na kuvigandamiza juu ya mvunjiko. Faida ya ubao kwake ni miguu imara, kwa sababu aliyeanguka na kuvunjika mkono leo ndiye mara nyingi huja kuvunjika nyonga miaka ijayo.

Hatua ya 8: Pima kila baada ya wiki nne

Bila kipimo, nyumba nzima itasema bibi anaendelea vizuri kwa sababu mashine ilikuwa ya bei. Weka kiti, pima mita 3 kwa futi kamba na uweke alama sakafuni. Mzee aanze akiwa amekaa, ainuke, atembee hadi kwenye alama kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi na kukaa, nawe umpime kwa saa ya simu. Atumie fimbo yake kama huitumia kila siku. Sekunde 12 na zaidi ni dalili ya mtu aliye katika hatari ya kuanguka. Fanya hivyo kabla ya siku ya kwanza ya ubao, kisha kila baada ya wiki nne, na uandike tarehe na sekunde kwenye daftari la kliniki, si kwenye kipande cha karatasi kitakachopotea.

Sekunde zikipungua, endelea. Zikibaki pale pale kwa miezi mitatu, ubao haumsaidii mzee huyo, na muda wake utumike kwa mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja na kupanda ngazi chini ya usimamizi.

Hatua ya 9: Zima na upige simu

Zima ubao siku hiyo hiyo na umtafute daktari ukiona maumivu mapya ya nyonga, kinena au paja yanayoongezeka akikanyaga. Mguu uliovunjika ukionekana mfupi kuliko jana au umegeukia nje. Shavu la mguu likivimba upande mmoja, likawa la moto na kuuma. Usaha au majimaji yakitoka kwenye mshono. Maumivu makali ya mgongo yaliyoanza ghafla. Au mzee akiona cheche na kivuli kwenye jicho. Akikosa pumzi ghafla au kifua kikimbana, usisubiri kliniki, mpeleke mapokezi ya dharura.

Unapokwenda, chukua picha zote za eksirei alizowahi kupigwa pamoja na karatasi ya ubao yenye hezi na milimita, na umwambie daktari siku aliyoanza kupanda na dakika alizofikia.